Kuondoa au Kuvua? Kisa cha Fedha za Sato Katika Bwawa Moja Mkoani Dodoma

Kifungu hicho kilisomwa mwisho, yapata saa nane na nusu mchana, madiwani wakiwa wameshaanza kutazama mlango. Kilikuwa mstari mmoja ndani ya kabrasha nene la bajeti: kuondoa samaki vamizi katika bwawa la kata fulani. Diwani wa viti maalumu akawasha kipaza sauti. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nieleweshwe. Kwenye shule yangu ya msingi watoto wanakaa chini. Hapa tunatenga fedha za kuondoa samaki. Sasa ni kuondoa, au ni kuvua?"

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akasema hoja imeeleweka, mjumbe mwingine akaunga mkono, kifungu kikapita.

Swali lile lilikuwa zuri kuliko lilivyopokewa, na uchambuzi huu wote ni jaribio la kulijibu. Niseme mapema kwamba halmashauri na kata sizitaji. Kisa nimekiunganisha kutoka vikao zaidi ya kimoja ili kifae kujadiliwa darasani, na fedha nimeziweka katika namba za mviringo ili hesabu iwe nyepesi. Sheria, taratibu, mito na samaki ni wale wale tunaoishi nao.

Bwawa lenyewe ni la aina inayojulikana Dodoma: tuta la udongo lililojengwa enzi za mkoloni kukinga maji ya korongo, kama lile la Hombolo la mwaka 1957, ambalo kila mtu hapa amewahi kula samaki wake. Mvua inanyesha kati ya Desemba na Aprili, ikiwa imekuja vizuri. Baada ya hapo jua linafanya kazi yake, udongo wa mashambani unazidi kujaa chini, na ifikapo Oktoba bwawa limebaki dimbwi pana lenye tope ukingoni. Maji yakizidi tuta hutokea kwenye utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, huingia mto Kinyasungwe, hupita Gulwe, huwa Mkondoa, hupita Kilosa, kisha huwa Wami, hadi Bahari ya Hindi. Njia hiyo ya maji ikumbukwe, kwa sababu katika vikao vyote nilivyohudhuria hakuna aliyeitaja. Ramani ya halmashauri huishia kwenye mpaka wa halmashauri.

Samaki wa asili wa mito hiyo ni kambale na perege. Sato, yule samaki vamizi wa kwenye kifungu, si wa huku. Kwao ni bonde la Nile na baadhi ya maziwa ya Afrika. Hata Ziwa Victoria, ambalo leo kila lori la samaki linaloingia Dodoma hujinadi kwa jina lake, sato alipelekwa na watu katika karne iliyopita, kama alivyopelekwa sangara. Ngege, aliyekuwa samaki wa mezani wa ziwa lile, karibu apotee kabisa, na sehemu mojawapo aliyonusurika ni maziwa na mabwawa madogo ambako naye alikuwa mgeni. Kwa Kiingereza ngege huitwa kwa jina la Singida, ingawa asili yake ni Victoria. Basi tukisema "vamizi" tuseme kwa adabu kidogo, maana mgeni wa ziwa moja anaweza kuwa mkimbizi wa ziwa jingine.

Ubaya wa sato katika bwawa hauonekani kama ubaya wa gugu maji. Hazibi mashine, hanuki, na akikaangwa ni mtamu. Anachofanya ni mambo mawili. Kwanza, anazaliana upesi. Jike huatamia mayai mdomoni na kuwalinda watoto humo humo, kwa hiyo wengi hupona. Bwawa dogo likishajaa chakula hakitoshi, na samaki wanadumaa, wanaanza kuzaa wakiwa na ukubwa wa kiganja na kubaki hivyo. Pili, anachanganyika na perege. Watoto wao nao wanazaa, na baada ya vizazi kadhaa perege halisi humpati tena, una kitu kilicho katikati.

Jambo la kwanza ndilo lililofika barazani, kwa sababu wavuvi walilalamika. Kikundi cha BMU, yaani cha wavuvi wanaosimamia mwalo, kilimwandikia mtendaji wa kata kwamba samaki wamekuwa wadogo, wachuuzi wa soko la Majengo hawaji tena, na leseni wanalipa ile ile. La pili halikufika kabisa, nalo ndilo lenye fedha. Ndugu wa perege wa Wami anayepatikana Zanzibar alipelekwa nchi ya Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, miaka ya 1950, na huko ikagundulika kwamba dume lake likipandishwa kwa jike la aina nyingine ya perege watoto huwa karibu wote madume. Baadaye wafugaji wa nchi kama Brazili wakafanya hivyo hivyo kwa jike la sato. Madume hukua haraka na bwawa halijazwi na watoto, ndiyo maana mfugaji anawataka. Sisi tuna mbegu hiyo kwenye makorongo yetu, safi bado katika baadhi ya sehemu, na tunaiacha ichafuke kwa kuwa hakuna kasma, yaani fungu la bajeti, inayoitwa mbegu ya asili. Afisa uvuvi angeanza na hilo, naamini yule diwani wa viti maalumu angeuliza swali jingine.

Sasa fedha. Tuseme ombi lilikuwa shilingi milioni 40: milioni 12 za nyavu na mitumbwi, 14 za mafuta ya gari na posho, 10 za kuwalipa wavuvi kwa kila kilo ya sato watakayoleta mwaloni, na 4 za tathmini kabla na baada. Ombi lilipita Kamati ya Maendeleo ya Kata, likaingia kwa Timu ya Menejimenti, likaenda Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira, kisha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Huko wakaambiwa kuna ufinyu wa bajeti, likashushwa hadi milioni 15. Tathmini ikafutwa yote. Malipo ya wavuvi yakakatwa nusu, nyavu zikakatwa zaidi ya nusu. Mafuta na posho yakapungua, lakini yakabaki ndiyo fungu kubwa kuliko yote. Siwalaumu wajumbe kwa kupunguza, maana halmashauri inayotegemea ushuru wa mazao haiwezi kuweka samaki mbele ya zahanati. Nawalaumu kwa namna walivyopunguza. Mradi wa milioni 40 ukikatwa kila upande haugeuki kuwa mradi mdogo wa milioni 15. Unakuwa safari za gari kwenda bwawani. Na baada ya kufuta tathmini, hakuna mtu angeweza kusema kama sato wamepungua au la. Kilichobaki kuhesabiwa ni kilo.

Tuzitazame hizo kilo. Malipo yalikuwa shilingi 500 kwa kilo, na milioni 5 zilizobaki zingeweza kununua tani 10. Mvuvi yeyote ana akili ya kulinganisha bei. Sato wa kuuzika alimpeleka kwa mchuuzi, aliyelipa zaidi. Kwenye mizani ya halmashauri alileta wale wadogo wasiouzika, na humo humo ndani ya ndoo walikuwamo watoto wa perege. Sato mkubwa unamtambua kwa mistari ya wima kwenye mkia, lakini akiwa na urefu wa kidole, amechanganyika na asili, na wewe umesimama juani tangu saa moja na foleni ya ndoo mbele yako, utamtambua nani? Kwenye daftari wote wakaandikwa sato. Hivyo fedha iliyotengwa kumwondoa sato ikalipia uvunaji wa perege kwa kilo, huku samaki wakubwa wazazi wakibaki majini au wakienda sokoni bila mchango wowote wa mradi.

Malipo ya kilo yana kasoro nyingine iliyoanza kujitokeza mwishoni. Wavuvi waliuliza kama mwakani mradi utakuwepo. Mtu anayelipwa kwa sababu tatizo lipo hana haraka ya kulimaliza, na sisemi hivyo kwa kuwadharau. Mimi ningefanya vilevile.

Kuna aliyependekeza samaki wauzwe palepale na fedha iwalipe wavuvi, mradi ujilipe wenyewe. Mweka hazina akakataa, na alikuwa sahihi kisheria. Mapato ya halmashauri yanapaswa kukusanywa kwa mashine ya POS na kuingia benki kwanza. Kuyatumia kabla hayajafika huko ni kutumia fedha mbichi, na hoja ya mkaguzi juu ya fedha mbichi inaweza kumfuata mkurugenzi hadi kituo kingine cha kazi. Ila hakuna aliyekaa chini kuandika mkataba ambao BMU yenyewe ingeuza samaki na kubaki na fedha, halmashauri isiguse senti. Njia hiyo ilikuwa wazi, ikapita pembeni ya meza.

Halafu suala la kibali. Chombo kinachofaa kupunguza samaki waliojazana kwenye dimbwi la Oktoba ni kokoro, wavu mrefu wa kukokotwa hadi ukingoni. Kokoro limepigwa marufuku, kwa sababu nzuri: linakomba kila kitu, mama na mtoto. Nyavu za macho madogo nazo ni marufuku. Sumu ni kosa la jinai. Kwa hiyo halmashauri ilipitisha fedha za kazi ambayo zana zake haziruhusiwi kuingia majini bila ruhusa ya wizara inayosimamia uvuvi kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Maji yenyewe yako chini ya bodi ya maji ya bonde la mto. Ukitazama vizuri, halmashauri haina mamlaka ya mwisho juu ya samaki wala juu ya maji. Ilichokuwa nacho ni leseni na ushuru, na ushuru huo sehemu kubwa ulitoka kwa sato. Mhasibu alikuwa na lengo la kuongeza makusanyo ya mwalo huo. Afisa uvuvi alikuwa na lengo la kumpunguza samaki anayeyaleta. Walikaa ofisi moja, na nadhani walikunywa chai pamoja.

Barua ya kuomba kibali iliandikwa Novemba. Hapo ndipo pa kusimama kidogo, maana kwa maoni yangu mradi ulikufia kwenye kalenda kabla ya kufia mahali pengine. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Fedha za mapato ya ndani haziji siku hiyo. Zinakuja kadiri mazao yanavyouzwa, na zikija zina wenyewe: posho za madiwani, madai ya nyuma, miradi ya madarasa ambayo mkuu wa mkoa ataipitia. Mradi wa samaki ulipata mgao wake wa kwanza, milioni 6, mwezi Januari. Kibali nacho kikatoka Januari. Oktoba, maji yakiwa machache na sato wamebanana kama abiria wa daladala, hapakuwa na fedha wala ruhusa. Januari vyote vilikuwepo na bwawa lilikuwa limejaa hadi kwenye utoro. Wakavua wiki mbili. Walivuta wavu katika maji mapana, wakapata kidogo, masurufu, zile fedha walizopewa mkononi kwa ajili ya kazi, yakarejeshwa kwa risiti safi kabisa. Kwenye taarifa ya robo mwaka utekelezaji uliandikwa asilimia 100 ya fedha iliyopokelewa.

Watu waliotutangulia katika jambo hili wapo, na si maskini. Katika Ziwa Davis, jimbo la California nchini Marekani, samaki mla wenzake aitwaye paiki wa kaskazini alionekana mwaka 1994. Idara ya samaki ya jimbo ikaamua kulitia ziwa dawa mwaka 1997, ingawa mji wa Portola ulikuwa ukinywa maji yake na serikali za mitaa zilipinga. Jimbo likaishia kulipa fidia ya mamilioni ya dola. Mwaka 1999 paiki wakaonekana tena. Miaka iliyofuata wakawatoa kwa nyavu na kwa mashine za umeme, makumi ya maelfu, na bado walikuwepo. Mwaka 2007 wakatia dawa tena, ziwani na kwenye vijito vinavyoliingia. Sileti mfano huu ili tukatie dawa Dodoma, Mungu apishe mbali, watu na mifugo wanakunywa mabwawa haya. Nauleta kwa ajili ya neno moja, vijito. Nyavu za miaka zilipunguza tu, na hatimaye kazi ililazimika kufika hadi maji yanakotoka.

Je, kwetu maji yalikuwa yanatoka wapi? Kilometa chache juu ya bwawa, kandokando ya korongo lile lile, kulikuwa na mabwawa manne ya kuchimbwa ya kikundi cha vijana. Kikundi kilikuwa kimepata mkopo usio na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inaitaka kila halmashauri itenge: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vijana walifuata maelekezo yote. Walichimba, wakanunua vifaranga, wakafundishwa na ofisa ugani. Vifaranga vilikuwa vya sato, kwa sababu huyo ndiye anayefundishwa, ndiye anayepatikana, ndiye anayetafutwa na mahoteli tangu Serikali ihamie Dodoma. Mvua kubwa ilipokuja kingo zikazidiwa. Si mara moja. Kila msimu mzuri wa mvua, korongo lilibeba mbegu mpya kwenda bwawani.

Halmashauri ile ile, kwa fedha ile ile ya mapato ya ndani, ilikuwa inamwaga sato kwa mkono wa Maendeleo ya Jamii na kumtoa kwa mkono wa Uvuvi. Mkopo ulipita kamati moja, uondoaji ukapita nyingine. Hakuna aliyedanganya. Vijana wala hawana kosa, na nimewahi kuona watu wakitaka kuwafungia mabwawa kana kwamba ni wezi, jambo ambalo lingekuwa ujinga juu ya ujinga.

Kuna waliojitetea kwamba siku hizi wanauza vifaranga vya dume tupu, hivyo wakitoroka hawazai. Utetezi huu una mashimo mawili. Dawa inayotumika kugeuza vifaranga kuwa madume haigeuzi wote, na majike wachache wanatosha kujaza bwawa. Pia dume la sato likitoroka halihitaji jike la sato. Jike la perege lipo.

Ningeamuaje? Kwanza ningefuta neno kuondoa. Katika bwawa lenye utoro na mabwawa ya kufugia juu yake, sato hataondoka, na kifungu kinachoahidi kisichowezekana kinampa kila mtu ruhusa ya kutopima. Ningeandika kupunguza, halafu ningepeleka sehemu kubwa ya zile milioni 15 juu ya korongo: kuinua kingo za vijana, kuweka wavu imara kwenye mabomba ya kutolea maji, na kugharamia wabadili mbegu wafuge kambale, ambaye ni mwenyeji wa mto huu na akitoroka anarudi kwao. Masharti ya mkopo kwa yeyote anayechimba juu ya bwawa yangesema hivyo tangu siku ya kwanza. Barua ya kibali ingetoka Julai. Kazi ya kokoro ingekuwa siku kumi za Oktoba, mbele ya afisa, perege wakubwa wakirudishwa majini, wavuvi wakilipwa kwa siku ya kazi na si kwa kilo, na samaki wakiuzwa na BMU kwa mkataba wake. Laki chache zingebaki kwa afisa uvuvi, avue sehemu zile zile na kupima samaki kila Oktoba kwa wavu ule ule, aandike daftarini.

Mpango huu nao una tundu, nami nalijua. Kambale anatafuna samaki wadogo, walaji wa mjini hawampendi kama sato, na mkopo lazima urejeshwe. Mwenyekiti wa kikundi aliniambia hivi tukiwa tumekaa ukingoni, miguu ndani ya tope: "Mzee, kambale nitafuga. Lakini marejesho mtanikokotolea kwa bei ya kambale, au kwa bei ya sato?" Sikuwa na jibu siku ile. Ni kweli kwamba anayebadili mbegu kwa faida ya mto mzima hadi Kilosa anabeba hasara peke yake, na halmashauri moja haina pa kuidai Kilosa ichangie. Bodi ya bonde ndiyo yenye mto wote, nayo haijawahi kualikwa kwenye kikao kilichojadili vifaranga.

Mwaka uliofuata kabrasha la bajeti lilikuja na kifungu kile kile, maneno yale yale, kiasi kikiwa kimeongezwa asilimia 10, kama ifanyikavyo mtu akinakili karatasi ya mwaka jana. Kurasa chache mbele, upande wa Maendeleo ya Jamii, kulikuwa na mkopo wa awamu ya pili kwa kikundi cha vijana, kupanua mabwawa kutoka manne hadi sita.

Safari hii diwani wa viti maalumu alikuwa amesoma nyumbani. Alikunja kona za kurasa zote mbili, akamwomba Mwenyekiti wakuu wa idara hizo mbili wasimame kwa pamoja. Wakasimama, mmoja upande huu wa ukumbi na mwenzake upande ule. Akawauliza ni lini mara ya mwisho walikwenda kwenye lile korongo katika gari moja. Hakuna aliyecheka, na vifungu vyote viwili vikaahirishwa hadi kikao kijacho.